Rangi za maji kama taamuli: kukaa na karatasi iliyolowa mpaka ikauke

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, nimechora kwa rangi za maji kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilichora vitu vinavyotambulika: maua, nyuso, mapaa ya nyumba, mawingu. Miaka miwili iliyopita niliacha. Siku hizi kila asubuhi, kabla sijazungumza na mtu wala kushika simu, huchukua kipande cha karatasi kinacholingana na kiganja changu, hukilowesha, hudondoshea rangi mbili, kisha huweka brashi chini na kutazama mpaka karatasi ikauke. Zoezi zima halifiki nusu saa, nami huyaita mazoezi haya majaribio, maana kila siku nabadilisha rangi. Naanzisha uzi huu kwa sababu mazungumzo mengi niliyoyasoma kuhusu sanaa na utulivu wa nafsi huishia kwenye mawaidha ya jumla, kama vile kujiachia na kufuata hisia, na mawaidha hayo hayakuwahi kunifaa. Kilichonifaa ni kitu mahususi zaidi, nacho ni maji.

Naamini kwamba taamuli katika rangi za maji imo katika zile dakika za kungoja, baada ya mkono kumaliza kazi yake na kabla karatasi haijakauka. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewa, jambo linalochukua siku nyingi, kwa hiyo hakuna mtu awezaye kukaa nayo mpaka mwisho. Akriliki hukauka upesi, na ikishakauka haifunguki tena. Rangi ya maji imekaa pazuri katikati: ni chembe za rangi zilizosagwa na kuchanganywa na gundi ya mti wa mgunga, gundi ambayo huyeyuka katika maji, hugandamana maji yakiondoka, na huyeyuka tena yakirudi. Karatasi nzito iliyoloweshwa vizuri hukupa dakika kumi, kumi na tano, pengine ishirini kulingana na hewa ya siku hiyo. Huo ni muda ambao binadamu wa kawaida anaweza kukaa akitazama kitu kimoja, ingawa si bila taabu.

Naomba nieleze kinachotokea ndani ya dakika hizo, maana ndipo penye utamu wote. Baada ya kulowesha karatasi, inamisha kichwa mpaka jicho likaribie usawa wa meza, dirisha likiwa upande wa pili. Utaona maji yamesimama juu ya karatasi kama kioo, na dirisha limo ndani yake. Gusisha ncha ya brashi yenye buluu ya ultramarini: rangi haitulii pale ulipoiweka, bali hufunguka kwa vidole vingi vyembamba ambavyo hugawanyika tena na tena hadi jicho lishindwe kuvifuata. Kisha gusisha kando yake siena iliyochomwa, ile hudhurungi yenye wekundu wa kutu. Rangi hizi mbili zinapokutana huzaa kijivu, lakini kijivu hicho hakikai kikiwa kimoja. Chembe za ultramarini hupenda kushikana na kutuama katika vishimo vya karatasi, ilhali ile siena huendelea kuelea kidogo zaidi, kwa hiyo polepole kijivu hujichambua mbele ya macho yako na kuwa vumbi la buluu juu ya ardhi ya hudhurungi. Hakuna mkono uliofanya hivyo.

Baadaye kile kioo huanza kuvunjika. Huvunjika kwanza pembezoni, ambako unyevu ni mchache, na mng'ao hurudi nyuma kuelekea katikati kama maji yanayokupwa. Mahali mng'ao ulipopita, mikwaruzo ya karatasi hujitokeza, na uso wake huwa na mwanga laini kama wa hariri. Kisha hata mwanga huo hupotea, lakini karatasi bado haijakauka: ukiigusisha kwa mgongo wa mkono utahisi ubaridi, kwa kuwa maji yaliyosalia yanaendelea kuondoka na joto lake. Ubaridi ukiisha, zoezi limekwisha. Rangi nayo itakuwa imepauka kuliko ilivyokuwa ikiwa mbichi, na kila siku hunibidi nikubali upya kwamba ule ung'avu niliouona katikati ya safari haukuwa wa kubaki.

Sasa, wapi penye taamuli? Pale mng'ao unapoanza kupotea, mkono huwashwa. Unaona doa limesogea pembeni na unataka kulirudisha. Unaona kona imebaki tupu na unataka kuijaza. Na kwa bahati mbaya huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kugusa, kwa maana ukiongeza tone la maji kwenye karatasi iliyo nusu kavu, maji mapya husukuma chembe zilizokuwa zimeanza kutulia, huzikokota hadi pale unyevu unapokomea, na huziacha huko zikiwa mstari wenye meno-meno. Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nimeharibu karatasi nyingi sana katika dakika hiyo moja, na ilinichukua muda mrefu kung'amua kwamba dakika hiyo ndiyo somo lenyewe. Anayetafakari kwa kuhesabu pumzi huona wazo limemchukua, hulitambua, kisha huirudia pumzi. Anayetafakari kwa maji huona mkono umenyanyuka, huutambua, kisha huurudisha mezani.

Kuhusu vifaa sitasema mengi isipokuwa karatasi, ambayo haifai kubanwa gharama. Tumieni karatasi ya pamba tupu, yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba au zaidi. Karatasi ya namna hiyo hutiwa jelatini ili isifyonze maji kwa pupa, na hapo ndipo zile dakika zinapotoka. Karatasi nyepesi ya nyuzi za mbao hunywa maji mara moja, hujikunja, na hukauka kwa viraka, na mtu hujilaumu yeye kwa kosa la karatasi. Brashi moja ya duara inatosha. Rangi mbili zinatosha. Vikombe viwili vya maji, kimoja cha kusuuzia na kingine cha maji safi, vinatosha.

Nakaribisha maswali, na hasa nakaribisha wanaopinga.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, nashukuru kwa maelezo haya yaliyopangika. Nina pingamizi moja ambalo naliona la msingi. Wewe mwenyewe unaita kazi hii majaribio, na jaribio kwa maana yake hutafuta jibu: mtu anabadilisha kitu kimoja ili aone matokeo. Taamuli, kwa jinsi nilivyofundishwa, haitafuti kitu. Mtu hukaa na kilichopo. Huoni kwamba mambo haya mawili yanavutana? Ama utakuwa mtafiti anayesubiri matokeo, na hapo akili yako iko kesho, ama utakuwa mwenye kutafakari, na hapo hakuna haja ya kubadilisha rangi kila siku.

Mwanzisha uzi

Pingamizi lako ni zito, na nilikaa nalo siku mbili kabla ya kujibu.

Ni kweli kwamba mambo hayo huvutana pale jaribio linapokuwa kubwa. Niliwahi kujipangia majedwali ya rangi ishirini dhidi ya rangi ishirini, kila kisanduku na mchanganyiko wake, na nakiri kwamba katika kazi ile yote hapakuwa na utulivu wowote. Nilikuwa nikikimbilia kisanduku kinachofuata. Lakini jaribio likipunguzwa hadi likawa swali moja tu, tabia yake hubadilika. Kwa mfano: je, tone la ultramarini likidondoshwa juu ya siena iliyolowa litaisukuma au litazama ndani yake? Kabla ya kudondosha, naandika makisio yangu nyuma ya karatasi kwa penseli, kwa sentensi moja. Baada ya hapo sina kazi nyingine ila kutazama. Swali hunifanya nitazame kwa karibu kuliko ambavyo ningetazama bila swali, na makisio yangu, kwa kuwa mara nyingi huwa na makosa, hunionyesha jinsi akili inavyojaza picha ya kitu kabla ya kukiona.

Kwa maneno mengine, swali kwangu lina kazi ile ile ambayo pumzi inayo kwa wengine: ni mahali pa kurudi. Akili ikienda kwenye deni au kwenye maneno niliyoambiwa jana, narudi kuuliza, je, sasa doa liko wapi?

Naomba niongeze mfano kutoka historia, kwa sababu unasaidia kuonyesha tofauti. Mwaka 1785 Alexander Cozens, mchoraji wa Uingereza, alichapisha mbinu ya kuanzisha michoro ya mandhari kwa madoa ya wino: mtu anapaka madoa kwa haraka na bila mpango mkali, kisha anayatazama hadi aone milima na miti, na hapo anayakamilisha yawe picha. Naiheshimu mbinu hiyo, lakini ndani yake doa ni ngazi tu ya kupandia; likishatoa mlima halina kazi tena. Karibu miaka 150 kabla yake huko Japani, Tawaraya Sōtatsu na wafuasi wake walikuwa na desturi nyingine, iitwayo tarashikomi, ya kudondosha wino au rangi juu ya tabaka ambalo bado limelowa na kuyaacha maji yaamue mipaka. Ni kweli kwamba wao pia walikuwa wakichora vitu, maua na wanyama na mashina ya miti, lakini katika shina la mti la namna hiyo unaona kabisa pale mchoraji alipoachia. Mimi niko karibu zaidi na hao wa pili. Jaribio langu halina mlima wa kuutafuta.

Mchangiaji wa pili

Naomba msaada wa kiufundi. Nimejaribu kwa wiki moja sasa, na kila siku naishia na tope. Naanza na rangi nzuri, nyekundu, kijani, njano, na mwisho wa zoezi karatasi nzima ina rangi ya matope ya barabarani. Utulivu wenyewe unageuka kuwa hasira.

Mwanzisha uzi

Pole, ndugu. Tope lina sababu zake, na ukizijua hasira itapungua.

Sababu ya kwanza ni idadi. Rangi tatu ulizotaja zinameza, kwa pamoja, karibu sehemu zote za mwanga: nyekundu inameza kijani, kijani inameza wekundu, na kinachobaki kurudi machoni ni kidogo na hakina rangi ya kupendeza. Baki na rangi mbili kwa mwezi mzima. Halafu angalia kwenye lebo ya kila rangi kama imetengenezwa kwa chembe za aina moja au zaidi, kwani kijani nyingi za kwenye tyubu tayari ni mchanganyiko wa buluu na njano, na mtu anayedhani ameweka rangi tatu huenda ameweka nne au tano.

Sababu ya pili, na nadhani ndiyo kubwa, ni kurudia-rudia kwa brashi. Rangi mbili zikikutana ndani ya maji zenyewe, hubaki na mahali ambapo kila moja ni yenyewe, na jicho hufurahia kupita kutoka hii kwenda ile. Brashi ikizikoroga, mahali hapo hupotea. Jiwekee sharti kwamba kila rangi itagusa karatasi mara tatu tu, uhesabu kimyakimya, kisha brashi iende kwenye kikombe. Sharti hilo linaonekana la kitoto, lakini limenisaidia kuliko ushauri wowote wa kiroho niliowahi kupewa.

Fahamu pia kwamba rangi zina tabia. Buluu ya ftalo ina chembe ndogo sana na nguvu kubwa; hupenya karatasi na haitoki, na tone moja hutawala ukurasa. Kwinakridoni, jamii ya rangi ambazo nyingi ni nyekundu na zambarau, nazo hushika karatasi kwa nguvu. Ultramarini, kobalti na rangi nyingi za udongo zina tabia ya kutuama na kuonyesha punje. Kwa anayeanza nashauri zile za kutuama, kwa sababu mwendo wake ni wa taratibu na unaonekana kwa macho. Ftalo ni nzuri mno, lakini humaliza mazungumzo kabla hayajaanza.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mpenzi wa majaribio ya aina nyingine, na ningependa kuongeza uzoefu wangu. Hutumia chumvi ya mawe, mshumaa mweupe, spiriti na karatasi ya plastiki. Punje ya chumvi ikiwekwa kwenye rangi iliyolowa hunywa maji yaliyo karibu yake na kuvuta rangi, na ikikauka huacha alama inayofanana na nyota. Mshumaa nikiusugua kwenye karatasi kavu, maji hukataa kupita hapo. Tone la spiriti hukimbiza rangi pande zote na kuacha duara lenye kitovu. Naona kama vitu hivi vinaongeza mshangao, na mshangao kwangu ndio unaonyamazisha akili.

Mwanzisha uzi

Asante sana kwa mchango huu. Umesema kweli kuhusu mshangao, nami sina ugomvi na chumvi. Nitaongeza mambo machache.

Chumvi ina wakati wake, nao ni ule ule wa hatari niliousimulia: mng'ao ukiwa unaanza kufifia. Ukiiweka mapema, huyeyuka na kupotea. Ukichelewa, haina maji ya kunywa. Kwa hiyo chumvi humlazimisha mtu kuusoma mng'ao vizuri, na kwa sababu hiyo naihesabu kuwa mwalimu mzuri. Karatasi ikikauka kabisa, pangusa punje zote, kwa kuwa chumvi huendelea kunyonya unyevu wa hewa na haifai kuachwa ndani ya karatasi unayotaka idumu. Spiriti husukuma rangi kwa sababu hulegeza uso wa maji pale inapoangukia, na maji ya pembeni, yenye uso uliokaza zaidi, huvuta kila kitu kuelekea kwake. Fungua dirisha unapoitumia na weka moto mbali. Mshumaa una heshima yake: Henry Moore, mchongaji na mchoraji wa Uingereza, aliutumia ufundi wa nta na rangi za maji katika michoro yake ya watu waliojihifadhi kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi za London wakati wa mashambulizi ya mabomu ya 1940 na 1941.

Shaka yangu ni juu ya kuvitumia vyote kwa pamoja. Nilipokuwa nikifanya hivyo niliona kwamba nimekuwa mtazamaji wa fataki: kila baada ya sekunde chache kuna jambo jipya, na nafsi hukaa ikidai jingine. Mshangao ulio mkubwa huamsha njaa. Ukiwa na rangi moja na maji matupu, mambo mapya huwa madogo, na macho hulazimika kuyafuata. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Katika zoezi hili napenda kuwa chungu.

Kuna jambo moja ambalo hutokea bila chumvi wala spiriti, na lilinichukua mwezi mzima kulitazama. Acheni tone moja la rangi hafifu likauke juu ya karatasi kavu yenye jelatini nyingi, bila kuliloweshea mazingira. Likikauka, litakuwa na mstari mweusi zaidi ukingoni na weupe katikati. Mwaka 1997 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza katika jarida la Nature kwa nini tone la kahawa huacha pete: ukingo wa tone hushikilia mahali pake, maji hugeuka mvuke haraka zaidi pembeni, na ili kufidia upungufu huo maji ya katikati hutiririka kwenda nje yakibeba chembe. Nilipolifahamu hilo, nililitazama tone kwa macho mengine. Tone linaloonekana limetulia kabisa lina mto ndani yake, na mto huo unatiririka muda wote unaodhani hakuna kinachotokea. Kwa lenzi ya kukuzia unaweza kuziona chembe zikisafiri. Zoezi hilo pekee linaweza kumtosha mtu kwa majuma mengi.

Kabla sijasahau, kuhusu usalama: rangi zenye kadimiamu au kobalti ni sumu zikiingia mwilini. Msinyooshe ncha ya brashi kwa midomo, msile chakula juu ya meza ya rangi, na vikombe vya rangi visirudi jikoni.

Mchangiaji wa nne

Nimesoma uzi huu usiku kucha. Nilifiwa na mzazi wangu mwaka huu, na mtu wa karibu alinishauri nichore ili nitulie. Nilifuata maelekezo yako ya kutazama mpaka karatasi ikauke. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili moyo ulinienda mbio, nikaondoka mezani. Nilidhani mimi ndiye niliyekosea.

Mwanzisha uzi

Pole sana kwa msiba, na asante kwa kutuamini kiasi cha kulisema hili. Hukukosea.

Utulivu si zawadi ambayo rangi hutoa kwa kila mtu kila siku, na anayeahidi hivyo anadanganya. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kufanya sanaa wapendavyo, kwa udongo wa mfinyanzi, kalamu za rangi au vipande vya karatasi vya kubandika. Kwa takriban asilimia 75 kiwango cha kotisoli, ile homoni inayohusishwa na msongo, kilikuwa kimeshuka. Utafiti huo hutajwa mara kwa mara, na mara nyingi wanaoutaja huacha kusema kwamba kwa robo iliyobaki hakikushuka, na kwamba hapakuwa na kundi la kulinganishia. Wala haukuhusu rangi za maji. Nautaja kwa ajili ya ile robo. Watu wale walifanya kazi ile ile kwa muda ule ule, na miili yao ikajibu vingine, bila kosa lolote.

Kukaa kimya mbele ya kitu kinachokwenda polepole huondoa kelele zilizokuwa zikifunika huzuni, na huzuni hupata nafasi ya kusema. Kwa mwenye msiba mbichi, dakika ishirini huenda ni nyingi mno. Ningekushauri upunguze karatasi iwe ndogo kama stempu, ambayo hukauka kwa dakika chache, na uruhusu mkono uwe na kazi: badala ya kungoja tu, paka mistari myepesi ya maji matupu kutoka kushoto kwenda kulia, mmoja chini ya mwingine, ukitoa pumzi kwa kila mstari. Moyo ukienda mbio, nyanyuka, karatasi haitakulaumu. Na kama mapigo hayo yanakurudia hata ukiwa mbali na meza, tafadhali muone mtaalamu wa afya, kwa kuwa zoezi hili haliwezi kuchukua nafasi yake.

Nilipofiwa mimi, sikuweza kushika rangi kwa miezi. Niliporudi, nilitumia maji matupu bila rangi kwa wiki kadhaa. Nililowesha karatasi nyeupe na kuitazama ikikauka ikiwa nyeupe.

Mchangiaji wa kwanza

Nimerudi. Jibu lako kuhusu swali kuwa mahali pa kurudi limenifanya nijaribu, ingawa bado sikubaliani na kila kitu. Naomba kuuliza: karatasi hizo zote unazifanyia nini? Kama unaziweka ukutani au unawaonyesha watu, basi matokeo yamerudi kwa mlango wa nyuma.

Mwanzisha uzi

Huziweka kwenye sanduku la kadibodi, kifudifudi, zikiwa na tarehe, majina ya rangi na makisio yangu nyuma. Siwaonyeshi watu. Nilijaribu kuonyesha kwa muda fulani, na nikaona kwamba mkono ulianza kuchagua rangi ambazo zingependwa. J. M. W. Turner, mchoraji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1851, aliacha karatasi nyingi za namna hii, tabaka chache za rangi zilizolowa bila mlima wala meli, na hakuzitoa kwenye maonyesho maishani mwake. Leo ziko katika jumba la sanaa la Tate huko London na watu wanazitazama kwa mapenzi makubwa. Sijilinganishi naye kabisa. Nasema tu kwamba hata mtu aliyeishi kwa kuuza picha alikuwa na karatasi za kwake mwenyewe.

Nakubali hata hivyo kwamba sanduku nalo ni aina ya hazina, na kwamba wapo watakaofanya vizuri zaidi kwa kuziosha karatasi zao chini ya bomba na kuzitumia tena. Rangi za kutuama huoshwa kwa urahisi kiasi. Hubaki kivuli tu, na kivuli hicho huingia katika zoezi la siku inayofuata. Nilifanya hivyo kwa karatasi moja mara tisa, mpaka jelatini ilipochoka na karatasi ikaanza kunywa maji kama kitambaa. Ukitaka kuepuka kabisa matokeo, jaribu njia hiyo.

Mchangiaji wa pili

Naleta taarifa. Nimebaki na ultramarini na siena kwa siku kumi na mbili, migusano mitatu kwa kila rangi. Tope limekwisha. Jana, kwenye dakika ya nane hivi, upande wa kulia wa karatasi uliacha kidimbwi ambacho kilikuwa kinaelekea kumwagikia kwenye sehemu nyeupe niliyoipenda. Nilinyanyua brashi. Nikaona nimeinyanyua. Nikairudisha kikombeni, na kidimbwi kikaingia kwenye ile sehemu nyeupe.

Mwanzisha uzi

Na ulikuwa umekisia nini nyuma ya karatasi?

Mchangiaji wa pili

Kwamba sehemu nyeupe itabaki nyeupe.